Maandishi Uyageuze

Mwanamume huyu watu walimwita Rula kwa sababu hakuwahi kushika rula. Ndivyo walimwengu walivyo: ukiwa mfupi watakuita Twiga, ukiwa mkimya watakuita Redio. Kwa miaka thelathini na mitatu aliandika mabango ya maduka, milango ya malori, kuta za shule na vioo vya vinyozi, na mstari wake ulinyooka bila uzi, bila penseli, bila kufutafuta. Alisimama mbele ya ukuta, akafumba jicho moja, akashusha pumzi, kisha neno zima likatoka kana kwamba lilikuwa ndani ya chokaa likingoja kufunguliwa mlango. Wapita njia walisimama kumtazama mpaka wakachelewa waendako. Naye alijua wanamtazama, na kichwa kilimvimba, tusifichane.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka.

Mkewe, fundi cherehani mwenye macho ya kuona uzi uliochomoka toka ng'ambo ya barabara, ndiye aliyegundua kwanza. Kikombe kilikuwa kinagonga kisahani kila asubuhi. Alinyamaza wiki mbili akijidanganya kwamba ni baridi, na ya tatu akamburuta mumewe hospitali. Daktari alimwambia Rula anyooshe mikono, aguse pua, aandike jina lake kwenye karatasi. Jina lilitoka limekunjamana kama limeandikwa ndani ya gari bovu. Dawa za kupunguza mtetemo zipo, daktari akasema, ila za kuurudisha mkono ulivyokuwa hakuna, na ingefaa mzee atafute kazi nyepesi. Nyepesi! Kwani brashi ina uzito gani?

Wakati huohuo mabango yake yalikuwa yanatoweka mtaani. Kila duka lililopakwa rangi upya liliweka plastiki iliyochapishwa na mashine, yenye picha ya mwanamke anayecheka ambaye hajawahi kuingia duka hilo wala halijui. Siku moja Rula alitembea kwa miguu mtaa hadi mtaa kuangalia kazi yake ya miaka yote. Yalibaki mabango manne, na moja lilikuwa la duka lililofungwa zamani. Alirudi nyumbani, akaketi kwenye benchi la wateja wa mkewe, akashika tama.

"Yakiisha na hayo," alisema, "itakuwa kama sikuwahi kuandika."

Mkewe aliinamia nguo ya mteja. Aliendelea kukanyaga cherehani. Lakini tangu siku hiyo alijua mumewe anataka nini duniani: herufi zake zibaki mahali fulani, watu wazisome. Hakuwa na ombi jingine.

Hapo ndipo alipoingia shemeji. Huyu alikuwa mdogo wa mkewe, mtu wa mipango isiyoisha. Mwaka juzi kuku, mwaka jana kuosha magari, na vyote vilikwenda segemnege bila yeye kupoteza tabasamu. Sasa alikuwa amekodi ukumbi jirani na kituo cha mafuta, na amenunua mashine sita za gemu kutoka ukumbi mwingine uliokufa. Ni zile ndefu za kusimama, kama kabati la nguo, zenye skrini kifuani, kigingi cha kushika na vitufe vya kugonga. Ndani zilikuwa nzima. Nje zilikuwa aibu tupu: stika zimebanduka, mbao zimebaki uchi. Shemeji alitaka kuzivisha upya, michoro ubavuni kote, mapambo kuzunguka vitufe, na jina la kila gemu ubavuni na pia juu kabisa, penye kioo kinachowashwa taa kwa nyuma.

"Shemeji, kazi hii ni yako," alimwambia Rula.

Rula aliinua mkono wa kulia. Haukuhitaji kuongezewa maelezo.

"Siku hizi hakuna anayepaka kwa brashi," shemeji akasema. "Unachora kwenye kompyuta, wanachapisha stika, tunabandika. Kompyuta haitetemeki."

"Si umpe mtu wa kompyuta?"

"Wataniletea picha ambazo kila mtu anazo. Mimi nataka mtu akipita nje aseme, hizi zimeandikwa na binadamu."

"Umekunywa nini leo?" dada yake akauliza akiwa na pini mdomoni. "Maneno matamu hivi si ya kwako."

Wakacheka wote. Shemeji akaongeza kwamba hizi sita zikipendeza atafungua ukumbi wa pili, na maandishi yote ya huko yatakuwa ya Rula, mtu mwingine asithubutu kusogea. Siku hiyo Rula alikishika kikombe kwa mikono miwili na akanywa chai yote.

Kompyuta waliipata kwa fundi mmoja mnene aliyekuwa akiuza zilizotumika, bwana asiyeinua macho kutoka kwenye bisibisi yake. Rula alimweleza anachotaka kufanya. Fundi akamtajia programu kama mtu anayesoma bei za sokoni: ipo Fotoshopu, ipo Korel, hizo za kulipia, na kuna nyingine unazilipia kila mwezi kama kodi ya chumba, lakini zipo za bure zinazotosha kabisa. "Ila kwanza uniambie, mzee. Unataka kuchora kwa nukta au kwa mistari?"

Rula alidhani anadhihakiwa. "Mtu anayeitwa Rula unamuuliza habari za mistari?"

Alipoonyeshwa zote mbili, hata hivyo, alichagua ya nukta. Ilikuwa na alama ya brashi, na moyo wake ukaenda hapohapo. Ni kosa ambalo hata mimi ningelifanya. Kwa wiki tatu alihangaika kuchora nyuki mkubwa wa ubavuni mwa mashine ya kwanza, na brashi ile ya kwenye skrini ikanakili mtetemo wake kwa uaminifu wa kuudhi. Alifuta, akachora, akafuta. Alipopata nyuki wa kuvumilika, akamkuza hadi urefu wa kabati. Nyuki alivunjikavunjika vijisanduku, kila ukingo ukawa ngazi, mabawa yakawa vigae. Nukta zilizotosha picha ndogo hazikutosha kubwa. Rula alifunga kompyuta, akaenda kulala mchana kweupe.

Mkewe ndiye aliyemrudisha kwa fundi, safari hii wakaweka ile ya mistari, ya bure. Fundi akaeleza kwa sentensi mbili: unagonga kipanya hapa, unagonga pale, na programu yenyewe inavuta mstari kati ya hapo na pale, na ukiukuza hata uwe mkubwa kama nyumba, hauvunjiki. Nyumbani Rula aliegemeza kiwiko mezani, akangoja mkono utulie kidogo, akagonga. Akangoja tena. Akagonga mara ya pili. Mstari ukatokea, umenyooka.

Mkewe alisikia kilio, akaacha nguo ya watu kwenye sindano akaja mbio.

"Kuna nini?"

"Tazama."

"Naona mstari."

"Wa nani huo?"

Aliutazama uso wa mumewe ndipo akaelewa anachoulizwa. "Wako," akasema. "Mstari wako, mume wangu."

Miezi miwili iliyofuata ilikuwa miezi mizuri, na naisema mapema ili msomaji aifaidi, maana mingine haipo. Walikwenda ukumbini na futi ya ushonaji, wakazipima mashine ubavu, kifua na kichwa. Mkewe alikata maboksi kuwa patroni kama anayepimia gauni, akitania kwamba hajawahi kupata mteja mnene hivi asiye na kwapa. Rula alihamishia vipimo kwenye kompyuta, akaweka alama za matundu ya vitufe, akaacha upana wa vidole viwili pembeni pa kukatwa. Nyuki alizaliwa upya, mstari kwa mstari. Akafuata bondia mwenye mikono mitatu, kisha radi inayopasua barabara. Alijifunza kwamba rangi inayong'aa kwenye skrini hutoka imefifia kwenye stika, kwa hiyo akawa anaikoleza kuliko macho yanavyotaka.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa majina. Programu ilikuwa na herufi zake tele, za kila mtindo, Rula hakuzigusa. Alikwenda kuyapiga picha yale mabango yake manne yaliyobaki, akaziweka picha kwenye kompyuta, na juu yake akazifuata herufi zake mwenyewe polepole, mstari baada ya mstari, kila mkunjo. Zilikuwa herufi za miguu minene, zilizoinama kidogo kama mtu anayesikiliza. Hakuna A mbili zilizolingana. A iliyokaa karibu na V ilijibana, A ya mwisho wa neno ilitanua miguu kwa kuwa nafasi ipo. Hicho ndicho alichojifunza kwa miaka thelathini na mitatu, jinsi ya kuziketisha herufi zipeane nafasi, na sasa kilikuwa ndani ya mashine, salama, bila mtetemo hata mmoja. RADI. VITA VYA NYUKI. NGUMI TATU. Na mengine matatu.

Wa kuchapisha alikuwa dada wa mashine, msichana mchapakazi wa duka la uchapaji, aliyevaa vidubwasha vya muziki masikioni kutwa nzima. Rula alikwenda kumuulizia utaratibu.

"Shikamoo, mzee. Lete kwenye flashi tu. Ila ukishamaliza usisahau, maandishi uyageuze."

"Marahaba. Yote?"

"Yote, mzee. Usiponigeuzia yatanisumbua."

Alimaanisha kitu kimoja ambacho kila mtu wa uchapaji anakijua: maandishi yaliyopigwa kwa kibodi yageuzwe kuwa maumbo, michoro ya kawaida, ili mashine yake isianze kutafuta mtindo wa herufi isiyo nao. Alikuwa akiwaambia wateja hivyo mara kumi kwa siku bila kuinua kichwa. Herufi za Rula zilikuwa maumbo tayari. Alizichora mwenyewe mstari kwa mstari. Hapakuwa na cha kugeuza. Angeuliza swali moja la ziada, mimi nisingekuwa na habari ya kusimulia, na ningefurahi.

Ila katika kazi ya Rula, kugeuza maandishi kulikuwa na maana moja tu. Kioo cha kinyozi huandikwa kwa ndani, ili mvua isiioshe rangi, kwa hiyo unaandika kinyume ili anayepita nje asome sawasawa. Akiambiwa "geuza," mkono wake ulijua. Na mashine ya kuchapisha, kwa jinsi alivyoielewa, ilikuwa ni muhuri mkubwa. Muhuri nao huchongwa kinyume. Mambo yote yalikaa sawa kichwani mwake.

"Umemuuliza anamaanisha kugeuza vipi?" mkewe alimwuliza. "Mimi nikiambiwa nguo niigeuze, nauliza: ndani nje, au juu chini?"

"Nimuulize yule binti kugeuza ni nini? Mimi niliyeandika vioo kabla hajazaliwa?"

"Haya, bwana mkubwa."

Akabonyeza kitufe, neno moja baada ya jingine, na majina yote sita yakageuka. Michoro hakuigusa, hakuambiwa michoro, na nyuki akitazama kushoto au kulia nani atajali? Alizisoma herufi zake kinyume bila shida, tena kwa raha, kama mtu anayepita njia ya zamani.

Stika zilifika Alhamisi. Ukumbi ulikuwa ufunguliwe Jumamosi. Shemeji alikunjua ya kwanza sakafuni, akapiga mluzi kwa kuona ile radi, kisha akainamisha kichwa.

"Idar," alisoma. "Shemeji, hili gemu la nchi gani?"

Akakunjua nyingine. "Utat Imugn. Na huyu ni nani, ndugu yake?" Alikuwa bado anacheka, akidhani ni mtindo. Alipoinua macho akamwona Rula, kicheko kikakatika.

Rula alijaribu zile za juu, za kwenye kioo, kwa sababu hazina gundi. Alizipindua, mgongo ukawa mbele. Maneno yalisomeka, lakini rangi zilionekana kwa mbali kupitia plastiki nzito ya rangi ya maziwa, zimepauka kama nguo iliyofuliwa mwaka mzima. Za ubavuni zilikuwa na gundi upande mmoja tu. Hizo hazikuwa na namna ya kupinduliwa. Aliketi sakafuni katikati ya herufi zake, na aibu ilimjaa. Mkono ulikuwa unatetemeka juu ya goti na hakujishughulisha kuuficha.

Dada wa mashine alikuja mwenyewe baada ya kupigiwa simu.

"Mzee, mimi nilisema uyageuze yawe maumbo."

"Yalikuwa maumbo. Niliyachora."

"Basi..." Alitafuta njia ya kulisema, akaikosa. "Basi hukutakiwa kufanya kitu."

"Na ulipoyaona kinyume mbona hukusema?" shemeji akamwuliza kwa ukali.

"Nilidhani ni ya kubandika kwa ndani ya kioo. Halafu mwezi uliopita nilimrekebishia mteja mmoja, akanifokea mbele ya bosi. Tangu siku hiyo nachapisha ninacholetewa." Machozi yalikuwa yanamlenga. Alichuchumaa karibu na Rula. "Usijali, mzee. Ni kazi ya dakika tano. Nitayarudisha mwenyewe, nichapishe upya, kesho tutabandika."

Dakika tano. Alisema kwa wema kabisa, na ndiyo maana Rula hakuweza hata kumkasirikia.

Ijumaa hakwenda kubandika. Alisema miguu inamuuma, na mkewe akakubali uongo huo bila kuugusa. Jumamosi alasiri walivaa wakaenda. Ukumbi ulikuwa umejaa, watu wanagombea vigingi, mashine zinalia na kumeta, na shemeji amevaa shati jipya. Rula alimwona nyuki wake, mkubwa kuliko mtu, mabawa yamenyooka pasipo ngazi hata moja. Alimwona bondia. Kifua kikamfunguka kidogo. Kisha akainua macho juu, penye majina.

Yalisomeka sawasawa. VITA VYA NYUKI. Herufi zote wima, zote unene mmoja, kila A pacha wa mwenzake. Hazikuwa zake.

"Umeona, mzee?" Dada wa mashine alikuwa amesimama pembeni, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Nilipoyarudisha nikaona herufi hazilingani, nyingine nyembamba nyingine pana, na zote zimelala. Nikajua ni ule mkono, pole. Nikakuwekea nyingine zinazofanana nazo, zilizonyooka. Na sikumwambia mtu."

Rula alimtazama msichana huyu aliyemsitiri. Angemwambia nini?

"Asante, mwanangu," akasema.

Mkewe alikuwa ameshaona; macho yale hayapitwi na kitu. Alimvuta mumewe mkono wa shati. "Mwambie ndugu yangu. Azibandue. Zile zako zipo kwenye kompyuta, si zipo?"

"Nimwambie nini? Kwamba hizi zilizonyooka azitoe, aweke zilizolala?"

"Ndiyo."

"Watamuuliza kwa nini. Atasema ni za shemeji yake mgonjwa."

Wakati huo shemeji alikuwa amewaona. Alikuja akiwapasua watu, akamshika Rula mabega, akamgeuza auelekee ukumbi.

"Huyu hapa!" alipaza sauti juu ya kelele za gemu. "Mnauliza nani kaandika? Huyu! Huo ndio mkono wa shemeji yangu!"

Watu walipiga makofi, kidogo, mikono ikiwa na haraka ya kurudi kwenye vitufe. Mwanamke mmoja alisogea karibu. Alisema ana saluni jirani na hapo, anataka bango.

"Nataka herufi kama hizi hizi, mzee. Usibadilishe hata moja."

Rula alitaka kumwelekeza kwa dada wa mashine. Aliinua mkono amwonyeshe alipo, na mkono ukafanya unavyofanya, mbele ya macho ya mwanamke yule. Uso wa mwanamke ukashuka.

"Jamani. Pole, mzee wangu. Kumbe." Aliyatazama majina juu, akamtazama tena Rula, sasa kwa huruma. "Kwa hiyo hizi ndizo za mwisho?"

Mkewe alikuwa amemshika kiwiko, na Rula alihisi vidole vyake vikikaza.

"Ndizo za mwisho," Rula alijibu.

"Basi mshukuru Mungu," mwanamke akasema. "Umeacha kitu. Watu watazisoma."

"Ndiyo, mama," Rula akasema.